Maisha ya Bibi Clara Barton, Aliyewatafuta Askari Waliopotea

Katika siku za yubilei huwataja kwa shukrani makasisi, watawa na walimu waliotutangulia, na makaburi yao twayajua. Lakini wako wengine waliotoka nyumbani kwenda vitani wasirudi, wala hakuna ajuaye walipolala. Kwa ajili ya hao tumeona vema kusimulia habari za Bibi Clara Barton wa Marekani, aliyejitwika kazi ya kuwatafuta watu wa namna hiyo.

Clara alizaliwa siku ya Noeli, tarehe 25 Desemba 1821, katika mji wa Oxford, jimbo la Massachusetts. Alikuwa mtoto mwenye haya nyingi, hata wazazi wake wakamhangaikia. Walakini alipokuwa bado kijana alishika kazi ya ualimu, akaiweza. Mwaka 1852 alifungua shule isiyotoza ada katika mji wa Bordentown, jimbo la New Jersey, na watoto wakaja kwa mamia. Shule ilipokua, wakuu wake wakamweka mwanamume juu yake, mwenye mshahara mkubwa kuliko wake. Clara akaiacha shule, akaenda Washington, akawa karani wa Serikali.

Mwaka 1861 vita vilizuka kati ya majimbo ya Kaskazini na majimbo ya Kusini. Bibi Barton akakusanya vyakula, dawa na vitambaa vya kufungia majeraha, akavipeleka mwenyewe hata penye mapigano. Huko Antietam, Septemba 1862, alikuwa akimhudumia majeruhi, mara risasi ikapenya mkono wa nguo yake, ikamwua yule askari. Bibi hakukimbia, akawaendea wengine waliomngojea.

Vita vilipokaribia kwisha, uchungu mwingine ulionekana. Maelfu ya askari hawakuonekana kati ya walio hai wala kati ya wafu waliojulikana. Mama hakujua kama amlilie mwanawe au amngoje. Mke hakujua kama ni mjane. Machi 1865 Rais Abraham Lincoln akatangaza kwamba Bibi Barton amejitolea kuwatafuta. Akafungua ofisi Washington, akaandika majina ya waliopotea jimbo kwa jimbo, akachapisha orodha. Zikatiwa magazetini na kubandikwa mahali pa watu wengi, ili askari aliyerudi akiona jina la mwenzake alete habari zake. Mpaka ofisi ilipofungwa mwaka 1868, barua zaidi ya 63,000 zilikuwa zimepokewa, na habari za watu zaidi ya 22,000 zikajulikana.

Katika waliomletea habari alikuwa kijana mmoja, Dorence Atwater. Huyu alikuwa mateka huko Andersonville, jimbo la Georgia, kambi ambayo karibu mateka 13,000 walikufa kwa njaa na maradhi katika muda wa miezi kumi na minne. Atwater aliwekwa kuandika majina ya wanaokufa. Akihofu kwamba jamaa zao hawatapata habari kamwe, akanakili orodha kwa siri, akatoka nayo alipofunguliwa. Katika Julai 1865 yeye na Bibi Barton walikwenda Andersonville pamoja na Kapteni James Moore na mafundi wake. Wakalinganisha orodha na namba za makaburi, wakasimamisha vibao vyenye majina. Katika makaburi yote yale, 460 tu ndiyo yaliyobaki bila jina. Tarehe 17 Agosti bendera ikapandishwa, na Bibi Barton ndiye aliyeipandisha.

Lakini ukazuka ugomvi juu ya mwenye haki na orodha ile, Atwater akahukumiwa, akatiwa gerezani. Bibi Barton hakumwacha. Akamtetea mbele ya wakubwa mpaka akafunguliwa mwishoni mwa mwaka ule. Mwaka 1866 orodha ikachapishwa, kila jamaa akaweza kuisoma.

Mwaka 1881 Bibi Barton akaanzisha Chama cha Msalaba Mwekundu cha Marekani, akakiongoza mpaka mwaka 1904. Alifariki dunia huko Glen Echo, jimbo la Maryland, tarehe 12 Aprili 1912, mwenye miaka tisini. Hata leo Msalaba Mwekundu huwatafuta mateka na waliopotea vitani katika nchi nyingi.

Wapenzi wasomaji, jambo hili si la Marekani tu. Katika vita vya 1914 hadi 1918 wapagazi wengi mno wa Afrika ya Mashariki walikufa njiani kwa maradhi na uchovu, na wengi wao majina yao hayakuandikwa juu ya jiwe lolote. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ni heshima kwao wote pamoja; lakini sanamu haimtaji mtu kwa jina lake.

Basi, ninyi walimu, chukueni daftari, mwende kwa wazee wa parokia, mkawaulize: katika ukoo huu, ni nani aliyekwenda vitani asirudi? Andikeni jina, kijiji na mwaka. Kisha majina hayo yasomwe kanisani mbele ya watu wote, siku ya kuwaombea marehemu, tarehe 2 Novemba. Mungu anawajua walipolala. Sisi nasi tusikubali wasahauliwe nyumbani kwao, maana mzee akifa kabla ya kuulizwa, majina aliyoyashika huenda naye.