Edward Steere: Makao kwa Wasio na Kwao

Soma Zaburi 68:6 na Yakobo 1:27.

Edward Steere, mzaliwa wa London, alifika Zanzibar mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer. Soko la watumwa lilikuwa bado wazi. Sultani aliwakabidhi wavulana watano waliookolewa katika jahazi la watumwa. Hawakuwa na wazazi wala njia ya kurudi kwao.

Walipewa chakula na mahali pa kulala, lakini Steere hakuishia hapo. Alijifunza Kiswahili, akaandaa vitabu, akawafundisha vijana kusoma na kupiga chapa. Alifariki mwaka 1882. Mmoja wa wale watano, John Swedi, alikuwa amekwisha kuwa shemasi. Cecil Majaliwa, naye aliyeokolewa utumwani, akawa kasisi mwaka 1890. Steere hakuiona siku hiyo.

Watoto wasio na kwao wapo hata leo, hasa katika miji ya mpakani kama Tunduma.

Jadilini: Kama kanisa la Ihanda lingejenga makao ya watoto wa mitaani, wangehitaji nini zaidi ya paa na chakula? Je, tuko tayari kupanda tusichokivuna?