DJ Screw: Aliyepunguza kasi ya muziki akaacha ukoo wa wafokaji

JINA alilopewa na wazazi wake lilikuwa Robert Earl Davis, lakini mitaa ya kusini mwa jiji la Houston, Marekani, ilimtambua kwa jina moja tu: DJ Screw.

Alipoaga dunia Novemba 16, 2000, akiwa na umri wa miaka 29, alikuwa amejenga himaya yake ya muziki bila kutegemea kampuni kubwa za kurekodi. Kanda alizozitengeneza nyumbani kwake zilikuwa zimevuka mipaka ya jimbo la Texas, na kundi la wafokaji alilolilea, Screwed Up Click, lilikuwa limejipatia sifa ambayo wengi huitafuta kwa mamilioni ya pesa.

Marehemu alizaliwa Julai 20, 1971, na sehemu kubwa ya utoto wake aliipitisha katika mji mdogo wa Smithville, Texas. Babake alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Mamake alipenda muziki na alihifadhi santuri za blues na soul, na ni kwa santuri hizo kijana huyo alianza kujifunza kazi.

Inasimuliwa kwamba kila alipokutana na wimbo asioupenda, alichukua skrubu na kuikwaruza santuri ili wimbo huo usichezwe tena. Tabia hiyo ndiyo iliyomzalia jina la Screw, yaani skrubu kwa lugha ya Kiingereza.

Baadaye alihamia Houston kuishi na babake, akaacha shule kabla ya kuhitimu na kujitosa katika kazi ya kucheza muziki.

Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya tisini, alikuwa amebuni mtindo uliomtenganisha na wenzake. Wakati ambapo wacheza muziki wengi walishindana kwa kasi, yeye aliipunguza. Aliweka nakala mbili za santuri moja kwenye mashine mbili, moja ikitangulia nyingine kidogo, kisha akawa anahama kutoka hii hadi ile, maneno na midundo ikijirudia kama mwangwi. Hatimaye aliipunguza kasi kanda nzima, sauti za wafokaji zikawa nzito na za taratibu.

Mwenyewe alieleza kuwa nia yake ilikuwa kumwezesha msikilizaji kusikia vyema kila neno lililotamkwa. Katika jiji ambalo watu hutumia saa nyingi barabarani, muziki huo ulifaa sana kusikilizwa ndani ya gari lililo katika mwendo wa polepole.

Hapo awali, jirani au rafiki alifika na orodha ya nyimbo alizozitaka, naye Screw akamtengenezea kanda yake. Baada ya muda, vijana wa mitaani walianza kushika maikrofoni na kufoka papo hapo bila kuandika lolote. Kutokana na mikutano hiyo ya usiku ndipo lilipochipuka kundi la Screwed Up Click, lililowaleta pamoja Fat Pat, nduguye Big Hawk, Lil' Keke, Big Pokey, Big Moe na wengine wengi.

Kanda maarufu zaidi ilirekodiwa Juni 27, 1996, katika sherehe ya kuzaliwa ya mmoja wa wanachama. Wafokaji walipokezana maikrofoni kwa zaidi ya nusu saa juu ya mdundo mmoja. Hadi leo, tarehe hiyo hukumbukwa na mashabiki wa Houston kila mwaka.

Msomaji anayekumbuka enzi za kanda atafahamu jinsi biashara hiyo ilivyoendeshwa. Hapakuwa na matangazo ya redio wala mabango. Wateja walipanga foleni ya magari nje ya nyumba ya Screw, wakasubiri lango lifunguliwe, wakanunua kanda na kuondoka. Msongamano huo uliwafanya polisi kushuku kuwa nyumba hiyo ilikuwa kituo cha kuuzia dawa za kulevya, ilhali bidhaa iliyouzwa humo ilikuwa muziki.

Mnamo 1998 alifungua duka lake, Screwed Up Records and Tapes, lililouza kazi zake tu. Kwa jumla aliacha kanda zaidi ya 300.

Hata hivyo, mafanikio hayo yaliandamana na misiba. Februari 3, 1998, Fat Pat aliuawa kwa kupigwa risasi kabla ya albamu yake ya kwanza kutolewa. Miaka minane baadaye, Mei 1, 2006, Big Hawk naye aliuawa kwa risasi.

Screw mwenyewe alipatikana amefariki ndani ya studio yake. Uchunguzi ulibaini kuwa alikuwa ametumia kodini kupita kiasi, pamoja na dawa nyingine. Kodini hupatikana katika baadhi ya dawa za maji za kikohozi, na wakati huo vijana wengi wa Houston waliichanganya na soda kama kinywaji cha starehe. Dawa hiyo hupunguza kasi ya kupumua, na hatari huongezeka inapochanganywa na nyingine.

Kutokana na kifo hicho, wapo waliodai kuwa mtindo wake wote ulikuwa zao la ulevi. Dai hilo linamdhulumu marehemu. Kuoanisha santuri mbili kwa mkono, usiku baada ya usiku, kunahitaji sikio makini na subira. Lakini pia si haki kuficha ukweli kwamba kinywaji kilichosifiwa katika nyimbo za kundi hilo ndicho kilichochangia kumwondoa kiongozi wake.

Baada yake, mtindo huo ulienea kote Marekani, na kufikia 2005 wafokaji wa Houston walikuwa wakitamba kitaifa. Chuo Kikuu cha Houston nacho kilizipokea santuri zake na kuzihifadhi katika maktaba yake, ambako watafiti huzichunguza.

Miongoni mwa vijana waliofoka katika kanda hizo alikuwamo mmoja aliyejiita Big Floyd. Huyo ndiye George Floyd, ambaye mauaji yake mikononi mwa polisi jijini Minneapolis, Mei 25, 2020, yalizua maandamano kote duniani. Walimwengu walimfahamu kwa jinsi alivyokufa. Wakazi wa kusini mwa Houston walikuwa wamemfahamu kwa sauti yake tangu miaka ya tisini, kwa sababu Screw alimpa maikrofoni.