Mkazamwana wa Kendu Bay Aliyeishi Jakarta

Huu ni mwaka wa kumi na mbili tangu nilipomfuata mume wangu hapa Migori. Sisi sote wawili ni watu wa Mombasa. Yeye ana duka la nguo karibu na soko, nami huuza leso na vitenge, na mara mbili kwa mwezi hufunga mzigo wangu nikaupeleka Homa Bay. Safari moja tulialikwa maulidi Kendu Bay, mji wa kando ya ziwa wenye Waislamu wa miaka mingi. Baada ya kusomwa Barzanji, tukiwa tunakunywa kahawa, bibi mmoja mwenyeji alininyoshea kidole upande wa Kanyadhiang, akaniambia kwamba huko ndiko kwa akina Obama, kabla ya mzee wao kuhamia Kogelo.

Habari za Barack Obama aliyekuwa rais wa Marekani tangu 2009 hadi 2017 zimekwisha andikwa mpaka msomaji amechoka nazo. Za baba yake pia. Mimi nilimwuliza yule bibi habari za mama, naye akatikisa kichwa, kwani hakumjua. Alikuwa mkazamwana wa watu hawa kwa miaka mitatu tu, na ndoa ile haikumleta kukaa huku. Basi nikaanza kuitafuta habari yake mwenyewe, na leo nataka kuwasimulia ndugu zangu wa pwani niliyoyapata.

Aliitwa Stanley Ann Dunham. Naam, Stanley, jina la kiume, maana alipewa jina la baba yake. Alizaliwa Wichita, katika jimbo la Kansas, tarehe 29 Novemba, 1942. Wazazi wake walikuwa watu wa kuhamahama, na mwaka 1960 walifika Honolulu, katika visiwa vya Hawaii. Huko chuo kikuu binti huyu alikutana na kijana kutoka Kenya, Barack, mwana wa Hussein Onyango. Mzee Onyango ndiye yule ambaye jamaa zake husimulia kwamba aliingia katika Uislamu alipokuwa Zanzibar. Walioana Februari 1961, na mtoto akazaliwa tarehe 4 Agosti mwaka huo huo. Husimuliwa kwamba mzee hakuiridhia ndoa hiyo, na tena kijana alikuwa ameacha mke huku nyumbani. Mwaka 1962 Barack alikwenda kusoma Harvard, na mwaka 1964 Ann akapata talaka yake.

Mwaka 1965 aliolewa mara ya pili na Lolo Soetoro, Mwislamu wa kisiwa cha Java aliyekuwa akisoma Hawaii. Mume alirudi kwao mwaka 1966. Oktoba 1967 Ann akamfuata Jakarta, yeye mwenyewe hajatimiza miaka 25, mkononi ana mtoto wa miaka sita.

Hapo ndipo nilipoanza kumwona kama ndugu yangu, kwa kuwa mimi nami najua maana ya kufuata mume mahali usipojua hata kuomba maji. Lakini mimi nilishuka kwenye basi nikakuta amani. Yeye alifika katika nchi iliyokuwa imetoka kwenye mauaji ya miaka ya 1965 na 1966, ambapo watu laki kadhaa waliuawa kwa kusingiziwa au kudhaniwa kuwa ni wakomunisti. Hayo hakuna aliyemkalisha kitako akamweleza. Aliyapata kidogo kidogo, katika kauli za watu wasiopenda kumaliza maneno yao.

Nyumba yao ilikuwa Menteng Dalam, mtaa wa watu wa kawaida. Njia yake ilikuwa ya udongo, mvua ikinyesha ni tope tupu, na mwanzoni hapakuwa na umeme. Uani palikuwa na kuku, na katika kidimbwi Lolo alifuga vitoto viwili vya mamba. Msikiti haukuwa mbali. Mtu wa Mombasa angetiwa pale usiku asingejiona mgeni sana. Jakarta iko kusini kidogo ya ikweta kama sisi, na watu wake hupika wali wa nazi. Waislamu wa Java ni wa madhehebu ya Shafi kama sisi, na Masharifu kutoka Hadhramaut walitia nanga kwao kama walivyotia nanga Lamu na Mombasa. Hiyo Barzanji niliyoisikia Kendu Bay husomwa huko pia. Kwa hiyo katika nyumba ile aliyekuwa mgeni hasa ni Ann, Mmarekani ambaye si Mwislamu, na hakuwa na jamaa hata mmoja mji mzima ila mume na mtoto.

Alifanya nini? Alijifunza lugha mpaka akaizungumza kama wenyeji. Tangu mwaka 1968 akafundisha Kiingereza kwa watu wazima, apate fedha zake mwenyewe. Baadaye Lolo alipata kazi katika kampuni ya mafuta ya Kimarekani, mambo yakanyoka, wakahamia Menteng kwenye nyumba bora. Pamoja na kazi hiyo zilikuja karamu za wakubwa wa kampuni na wake zao. Lolo alimhimiza mkewe ahudhurie, akiona kwamba hao ni watu wa kwao. Ann hakuwaona hivyo. Matembezi aliyoyapenda yeye ni ya sokoni, kwa mafundi na wauzaji, na penye nguo za batiki. (Hapa niruhusiwe neno moja la biashara yangu: hivi vitenge tunavyojifunga vilianzia huko. Ni Wadachi walioiga batiki ya Java kwa mashine, kisha wakaja kutuuzia Waafrika.)

Mtoto alitiwa katika skuli za wenyeji, kwanza ya Kikatoliki, kisha ya serikali. Skuli ya kigeni ilikuwa ghali. Ann alichelea Kiingereza cha mwanawe kisipotee. Basi siku tano kila wiki alimwamsha saa kumi za alfajiri, akamlisha, akamsomesha kwa masomo yaliyotoka Marekani kabla ya kwenda skuli. Mtoto alilia, akasingizia tumbo, akasinzia juu ya kitabu. Mama hakulegeza. Nami hujiuliza: mwanamke anayekwenda kazini kutwa huamka saa ngapi yeye mwenyewe ili saa kumi awe ameshamwandalia mtoto chakula?

Agosti 1970 alizaliwa binti, Maya. Mwaka uliofuata, 1971, mwana akiwa ana miaka kumi, Ann alimpakia ndege peke yake akampeleka Honolulu kwa babu na bibi. Alikuwa amepata nafasi katika skuli nzuri ya huko.

Hapa watu wengi humhukumu. Wapo waliosema alimtupa mtoto kwa ajili ya kazi na safari zake. Mimi siafiki. Aliyemtupa mtoto hamwamshi saa kumi. Ila sitaki pia kusema kwamba hakikuwa kitu, kwa kuwa kilikuwa kitu kikubwa, na kilimgharimu kila mwaka mpaka mwisho.

Desemba mwaka huo alikwenda Hawaii kumwona. Na yule Barack mkubwa naye akasafiri kutoka Nairobi, akakaa kiasi cha mwezi mmoja. Mwana hakumwona tena baba yake, aliyekufa katika ajali ya gari Nairobi mwezi Novemba 1982. Fikirini nyumba hiyo: mtalaka, mke wa mtu mwingine, wakwe wa zamani, na kijana wa miaka kumi anayemtazama mgeni anayeambiwa ni baba.

Mwaka 1972 Ann alirudi kabisa Hawaii pamoja na Maya, akaanza masomo ya juu ya elimu ya mila na maisha ya watu. Miaka mitatu wakawa pamoja. Mwaka 1975 ilimlazimu kwenda Java kwa utafiti wake, akamtaka mwana waende wote. Mwana akachagua kubaki. Tangu hapo umama wake kwa mtoto huyo ukawa wa barua na likizo.

Java hakukaa Jakarta tu. Alikwenda Yogyakarta, akakaa kwa mavyaa yake, na kutoka huko akawa anakwenda kijiji cha Kajar, kijiji cha wahunzi. Maya, akiwa msichana mdogo, alifuatana naye. Wahunzi wale walitia motoni vyuma vikuukuu, hata mataruma ya reli, wakafua majembe na mundu. Ann alikaa nao, akaandika bei ya makaa, bei ya chuma, nani anamdai nani, na nani anauza. Wataalamu wa Kizungu walikuwa wameshika kwamba mwanakijiji wa Java ni maskini kwa sababu hana akili ya biashara. Ann alisema sivyo. Akili wanayo tele, wanachokosa ni mtaji. Mtu yeyote aliyewahi kuuza samaki katika soko la Homa Bay angempa mkono kwa neno hilo.

Yeye na Lolo waliachana mwaka 1980, lakini aliendelea kulitumia jina lake, akiliandika Sutoro. Tangu 1981 hadi 1984 alifanya kazi Jakarta katika Ford Foundation, akishughulikia ajira ya wanawake, na nyumba yake ikawa baraza la wasomi na wasanii. Mwana alikuja kumwona mwaka 1981, akaja tena mwaka 1983, sasa akiwa mtu mzima. Kisha ikaja kazi ya Pakistan, na kazi ya mikopo midogo ya vijijini katika Bank Rakyat Indonesia. Shahada yake ya udaktari aliimaliza mwaka 1992, kwa kitabu cha kurasa zaidi ya elfu moja juu ya wahunzi wale.

Mwishoni mwa 1994, akiwa chakulani kwa rafiki hapo Jakarta, alishikwa na tumbo. Yalidhaniwa maradhi madogo. Mwaka 1995 alirudi Honolulu, ikajulikana ni saratani. Alikufa tarehe 7 Novemba, 1995, ana miaka 52. Mwanawe alikuwa Chicago, hakuwahi. Majivu yake yalimwagwa baharini. Si desturi yetu, lakini ndiyo yao. Mwaka 2009 kitabu chake kilichapishwa, kikiwa kimepunguzwa, na batiki alizokusanya zikaonyeshwa Marekani.

Haya nimeyaandika usiku, duka limefungwa. Mwanangu wa pili ametimiza miaka kumi mwezi uliopita. Mama yangu, aliyeko Kibokoni, amempatia nafasi katika skuli nzuri yenye madrasa ndani yake, na baba yake amekwisha lipa. Ataondoka Januari kwa basi la usiku. Mpaka leo sijamwambia.