Bernardino Ramazzini, Daktari wa Wafanyakazi

Je, umewahi kumwona mtu akisafisha shimo la choo? Je, umewahi kujiuliza kuhusu hewa aivutayo akiwa mle ndani? Sasa utasoma habari za daktari aliyejiuliza jambo hilo zaidi ya miaka 300 iliyopita.

Bernardino Ramazzini alizaliwa mwaka 1633 katika mji wa Carpi, nchini Italia. Alisomea utabibu katika mji wa Parma, akahitimu mwaka 1659. Mwaka 1682 alianza kufundisha utabibu katika chuo kikuu cha Modena, mji ulio karibu na Carpi.

Katika mji wa Modena nyumba zilikuwa na mashimo ya uchafu. Ilikuwa desturi kuyasafisha kila mwaka wa tatu. Siku moja wasafishaji walifika nyumbani kwa Ramazzini. Alimwona mmoja wao akifanya kazi kwa haraka nyingi mno. Akamhurumia, akamwuliza kwa nini hapunguzi mwendo asije akachoka. Mtu yule aliinua macho kutoka shimoni. Akajibu kwamba asiyewahi kuifanya kazi ile hawezi kujua taabu yake, na kwamba kukaa mle zaidi ya saa nne ni sawa na kupofuka.

Mtu yule alipotoka, Ramazzini aliyachunguza macho yake. Yalikuwa mekundu na yenye ukungu. Alimwuliza wafanyaje ili wapate nafuu. Akaelezwa kwamba hurudi nyumbani, hujifungia katika chumba chenye giza hadi kesho yake, na huosha macho kwa maji ya uvuguvugu. Ramazzini aliwajua pia watu waliopofushwa na kazi hiyo, ambao sasa waliombaomba mjini. Aligundua jambo jingine pia: sarafu za shaba na za fedha zilizokuwa mifukoni mwa wasafishaji ziligeuka kuwa nyeusi.

Ni kitu gani kilichozigeuza sarafu hizo? Uchafu ukioza mahali pasipo hewa ya kutosha, hutoa gesi iitwayo haidrojeni salfaidi. Gesi hii hunuka kama yai viza. Huyadhuru macho, na huifanya shaba na fedha kuwa nyeusi. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hukaa chini shimoni. Ikiwa nyingi, pua hushindwa kuinusa, na mtu huweza kufa kwa muda mfupi. Basi kumbuka: ukimwona mtu ameanguka ndani ya shimo la choo, usimfuate. Kimbia ukawaite watu wazima, nao wawaite waokoaji wenye vifaa.

Tangu siku ile Ramazzini alichunguza kazi nyingi. Aliingia katika karakana, akatazama na kuuliza. Aliona mikono ya wafinyanzi ikitetemeka kwa sababu ya madini ya risasi waliyotumia kung'arishia vyungu. Aliona mafundi wa kupaka dhahabu wakidhurika kwa mvuke wa zebaki. Mwaka 1700 alitoa kitabu kuhusu maradhi ya wafanyakazi. Ndani yake aliwashauri wasafishaji wa mashimo wafunike nyuso kwa kibofu cha mnyama kinachopitisha nuru. Aliwafundisha madaktari kwamba, pamoja na maswali mengine, wamwulize mgonjwa anafanya kazi gani.

Mwaka huo huo alihamia chuo kikuu cha Padua. Katika uzee wake macho yake mwenyewe yalififia, lakini hakuacha kazi. Alifariki mwaka 1714, akiwa na umri wa miaka 81.

Leo watu husafisha pia ardhi iliyomwagikiwa na sumu za viwandani. Kabla ya kuingia, hewa hupimwa kwa chombo. Wafanyakazi huvaa barakoa maalumu, glovu, gambuti na nguo zisizopitisha sumu. Pale penye gesi ya hatari hupumua hewa kutoka katika mtungi. Kazi ikiisha, huvua nguo hizo na kuoga hapo hapo, ili wasipeleke sumu nyumbani kwa watoto wao. Yote hayo yanafuata njia aliyoionyesha Ramazzini: kwanza tambua kinachomdhuru mfanyakazi, kisha mkinge.

Maswali

1. Kwa nini msafishaji wa shimo alifanya kazi kwa haraka?
2. Sarafu zilizogeuka nyeusi zinatuonyesha nini kuhusu hewa ya shimoni?
3. Kwa nini haidrojeni salfaidi hukaa chini ya shimo?
4. Kwa nini hupaswi kumfuata mtu aliyeanguka ndani ya shimo la choo?
5. Mwulize mtu mzima kazi anayoifanya. Andika vitu viwili vinavyoweza kumdhuru kazini, na namna anavyoweza kujikinga.