HANS NIELSEN HAUGE (1771–1824): WAKILI MWAMINIFU KATIKA BIASHARA

Usharika wetu unapomshukuru Mungu kwa neema yake ya miaka 100, inatupasa kuwakumbuka pia watumishi walioishi mbali nasi, ambao maisha yao yangali yanatufundisha. Mmoja wao ni Hans Nielsen Hauge wa Norwei, mlei wa Kilutheri aliyekuwa mhubiri na mfanyabiashara kwa wakati mmoja. Tumemchagua kwa sababu washarika wetu wengi hupata riziki yao dukani na sokoni, na mara nyingi mahubiri yetu huishia mlangoni mwa duka.

Hauge alizaliwa tarehe 3 Aprili 1771 katika familia ya wakulima huko Rolvsøy, kusini mashariki mwa Norwei. Tarehe 5 Aprili 1796, alipokuwa akilima shambani kwa baba yake huku akiimba, aliguswa na upendo wa Mungu kwa namna iliyobadili maisha yake yote. Alianza kuwashuhudia jamaa zake, kisha akaizunguka nchi kwa miguu, maelfu ya kilometa, akifuma soksi njiani ili muda usipotee bure. Lakini sheria ya mwaka 1741 ilikataza mlei kuendesha mikutano ya dini pasipo idhini ya mchungaji wa mahali, na mara kadhaa alitiwa mbaroni.

Mwaka 1801 alipata haki ya kufanya biashara katika mji wa Bergen. Alinunua vyombo vya baharini, akasafirisha nafaka na samaki. Aliwahimiza pia wenzake waingie katika biashara na viwanda, na baadhi yao wakaungana kuendesha kinu cha karatasi huko Eiker. Kwake yeye, mali ilikuwa amana ya Mungu, na mwenye mali ni wakili tu. Kwa hiyo faida haikuwa ya kujifaharisha. Ilipaswa kurudi kazini, ili asiye na ajira apate mkate wake na mhitaji asaidiwe.

Biashara hiyo ndiyo iliyozidisha shutuma. Ilidaiwa kwamba aliwalaghai watu wanyonge na kukusanya fedha zao katika mfuko wa siri. Miongoni mwa waliomshutumu walikuwamo wachungaji wa Kilutheri, jambo ambalo sisi tuvaao joho hatuna budi kulikiri kwa unyenyekevu. Alikamatwa mwaka 1804. Mali yake ilizuiliwa, na mamia ya mashahidi wakahojiwa nchini kote.

Mwaka 1809, vita vilipofunga njia za bahari na chumvi ikaadimika, serikali iliyomfunga ilimwachilia kwa muda ili aanzishe kazi ya kutengeneza chumvi pwani. Aliifanya kazi hiyo, kisha akarudi kifungoni. Hukumu ilitolewa Desemba 1813. Alitiwa hatiani kwa kuvunja sheria ya mwaka 1741 na kuwakashifu makasisi, lakini wizi haukuonekana. Mwaka 1814 adhabu yake ya kifungo cha kazi ilibadilishwa kuwa faini ya riksdaler 1,000 pamoja na gharama za kesi.

Alitoka afya yake ikiwa imevunjika. Mwaka 1817 alihamia katika shamba la Bredtvet, karibu na Christiania, ambayo ni Oslo ya leo. Hakulipiza kisasi, bali aliwaasa rafiki zake wasijitenge na Kanisa, na hata maaskofu walifika kumtembelea. Alifariki tarehe 29 Machi 1824, akiwa na umri wa miaka 52. Mwaka 1842 sheria ile ilifutwa. Mwaka huohuo wafuasi wake, wakiwamo wafanyabiashara, walishiriki kuunda Chama cha Misioni cha Norwei mjini Stavanger, kilichotuma wamisionari kwa Wazulu na baadaye Madagaska. Hivyo jasho la wachuuzi waaminifu lilichangia kuieneza Injili Afrika.

Ndugu msomaji, hesabu za Hauge zilichunguzwa na watu wasiompenda, nao hawakuona wizi ndani yake. Je, daftari zetu zikifunguliwa leo, zitasema nini juu yetu? Mizani inayopunja, mteja asiyejua kusoma kutozwa zaidi, bidhaa mbovu kufichwa chini ya nzuri, kijana wa dukani kucheleweshewa ujira wake: hayo yote hayafunikwi na sadaka kubwa ya Jumapili. Mithali 11:1 inatukumbusha kwamba Mungu hutazama pia mizani yetu. Nasi wachungaji tusiwe wepesi kuipokea sadaka huku tukinyamazia jinsi ilivyopatikana. Katika miaka 100 ijayo, Bwana atujalie usharika ambao jirani asiye Mkristo atamtuma mtoto wake katika duka la mshirika bila hofu ya kupunjwa.