Harold Black, mtu wa sauti safi

Vijana wetu wa Musumba wanaojitengenezea ampli ya kaske kwa chipu moja na pile mbili za volti 9 wanatumia akili ya mfanyakazi moja bila kujua jina yake.

Harold Black alizaliwa mwaka 1898 kule Leominster, Marekani. Mwaka 1921 akaingia kazi New York, kwenye kompani ya vyombo vya simu. Zamani zile sauti ilipita ndani ya waya za shaba, na njiani ilikuwa inachoka. Basi waliweka ampli kila mbali fulani ya kuinyanyua. Lakini kila ampli iliipotosha kidogo. Zikifuatana nyingi, mwishoni husikii neno.

Asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1927, ndani ya bwato la kwenda kazini, dawa ikamwingia kichwani. Akaiandika juu ya gazeti lake: chukua kipande cha sauti inayotoka, kirudishe kinyume pale inapoingilia, ampli ijisahihishe yenyewe. Nguvu inapungua, sauti inabaki safi. Wengi hawakuamini. Hati ya uvumbuzi aliiomba mwaka 1928, akaipata 1937. Alifariki mwaka 1983.

Leo ile kazi inafanywa na rezistansi mbili tu: moja ya ohm 10,000, ingine ya ohm 1,000, na sauti inaongezeka mara 11 sawasawa.

Sisi wa sendika tumejifunza hapo. Delege anayepeleka maneno ya wachimbaji kwa wakubwa bila kurudi chini kuwauliza, naye anayapotosha.