Von Economo, daktari aliyeonyesha kwamba usingizi ni kazi ya ubongo

Mwishoni mwa mwaka wa 1916, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa bado inaendelea, kliniki ya Chuo Kikuu cha Vienna, huko Austria, ilianza kupokea wagonjwa wasio wa kawaida. Kuna waliosinzia chakula kikiwa mdomoni. Wengine walilala majuma mazima: ukiwaamsha wanakujibu, kisha wanarudi kulala. Wachache walikuwa kinyume kabisa, usiku mzima macho wazi.

Waganga wengi waliwaandikia magonjwa mbalimbali, kila mmoja na lake. Daktari mmoja, Constantin von Economo, aliona kwamba ugonjwa ni mmoja tu.

Von Economo alizaliwa tarehe 21 Agosti 1876 mjini Brăila, Rumania, katika familia tajiri yenye asili ya Ugiriki, akakulia Trieste. Baba yake alitaka awe injinia. Alianza masomo hayo, lakini akayaacha na kuingia udaktari, akamaliza mwaka wa 1901. Alipenda pia kurusha ndege, na vita vilipoanza alihudumu kama rubani. Kaka yake alipouawa vitani, wazazi walimuomba aache ndege. Akarudi Vienna kuwatibu askari waliojeruhiwa kichwani.

Mwaka wa 1917 alitangaza ugonjwa huo mpya. Si malale inayoletwa na nzi wa tsetse, ambayo Wakongomani wanaifahamu. Huu ulikuwa uvimbe wa ubongo, na ulienea duniani kwa karibu miaka kumi, ukaua watu wengi sana. Chanzo chake hakijajulikana hadi leo.

Wagonjwa walipokufa, von Economo alichunguza ubongo wao kwa darubini. Madhara yalikuwa katika sehemu ndogo chini ya ubongo, inayoitwa ipotalamusi, na jirani zake. Waliolala bila kuamka walikuwa wameharibika upande wa nyuma. Waliokosa usingizi walikuwa wameharibika upande wa mbele.

Wakati ule wataalamu wengi waliamini kwamba mtu hulala kwa sababu tu mwili umechoka na ubongo umezimika. Von Economo alipinga. Kwake, ubongo una sehemu inayoleta usingizi na nyingine inayotuweka macho.

Alifariki Vienna tarehe 21 Oktoba 1931 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 55.

Mwaka wa 1972, watafiti nchini Marekani waligundua saa ya mwili katika upande uleule wa mbele wa ipotalamusi, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana. Ni kundi dogo tu la chembe hai, lakini ndizo zinazopanga saa za kulala na kuamka kwa kufuata mwanga wa jua. Katika miaka ya 1990, chembe zinazoleta usingizi nazo zikapatikana upande huohuo, kama alivyosema.

Ndiyo maana mlinzi au muuguzi anayekesha kazini hulala kwa shida mchana, hata akiwa amechoka sana. Si uvivu wala ukaidi. Mwili unaomba kupumzika, lakini saa iliyo ndani ya ubongo inasema ni mchana.